Punje Nyuma ya Sikio

Nilipomaliza kumbandika Mihambo punje nyuma ya sikio la kushoto, mama yangu akapaza sauti kutoka chumbani. "Zamda, huyo mpagazi amekuja tena? Hesabu vijiko kabla hajaondoka."

Mihambo akacheka, akafungua mdomo amjibu. Nikamziba kwa kiganja. Mzee wa miaka hamsini na saba, muuguzi ambaye hata madaktari humwamkia, nikamziba mdomo kama mtoto anayetaka kupiga kelele msikitini.

"Baba, punje imeshaanza kusikiliza," nikamwambia. "Kuanzia sasa hivi mpaka Jumatano ijayo asubuhi, kila neno lako ni jibu la mtihani."

Akatikisa kichwa kuonyesha ameelewa. Nikautoa mkono wangu. Kwenye kibao cha kioo nilichoshika, alama yake ilikuwa ya kijani, na nilitaka ibaki hivyo siku zote saba.

Punje yenyewe ni ndogo kama punje ya mchele, na haiumi. Inasikiliza sauti yako, inahesabu mapigo ya moyo, inaonja jasho. Wanasema haihifadhi maneno, ila vipande vichache vyenye shaka. Mengine yote inayakamua kila siku na kubakiza namba tano: Utulivu, Uaminifu, Nidhamu, Ushirikiano na Huruma. Mwajiri mwenye watu zaidi ya kumi haruhusiwi kumwajiri mtu asiyepimwa, na tangu Januari mwaka huu haruhusiwi hata kubaki naye. Kwa anayehudumia wagonjwa, Huruma lazima ifike sabini. Ikikosa alama moja tu, unga wako umemwagika.

Kazi yangu mimi ni kuwaandaa watu. Kibao cha mlangoni kwangu, hapa Kisarawe, kimeandikwa "Zamda Kondo, Mkufunzi wa Kipimo cha Hulka", na nina leseni yake. Watu mia mbili na sita walikuwa wamepita kwenye baraza yangu kabla ya Mihambo, na mia mbili na mmoja kati yao walipata kazi. Katika wale watano, mmoja alimpiga shemeji yake siku ya tatu ya kipimo, na hao wengine wanne sipendi kuulizwa habari zao. Nilikuwa najivuna, sikatai.

Mihambo alikuwa amefanya kazi hospitali ya mlimani miaka ishirini na sita, kwenye wodi ya wale ambao madaktari wamemalizana nao. Cheo chake ni msindikizaji. Anakaa na mgonjwa mpaka mwisho. Anamlowesha midomo, anamshika mkono, anaongea naye. Ndiye aliyemsindikiza baba yangu miaka tisa iliyopita, na tangu hapo kila Ijumaa huja nyumbani kwetu kunywa chai na kutukanwa na mama.

Maana sisi ni Wazaramo na yeye ni Mnyamwezi, na tangu enzi za misafara, walipokuja pwani kwetu wapagazi wakibeba pembe za ndovu, watu wake na watu wetu ni watani. Mtani anakutukana na huna ruhusa ya kukasirika. Anakukamatia kuku wako uani, na wewe ndiye unayetafuta sufuria. Na ukifa, yeye ndiye anayekuja msibani kukucheka mbele ya watoto wako, ili waliobaki wakumbuke kupumua.

Punje haiyajui hayo. Walioifundisha waliipa sauti za watu milioni nane, za maofisini, madukani na kwenye simu, na hakuna aliyeipeleka msibani. Ilijifunza kwamba anayemwita mgonjwa "maiti mtarajiwa" ni katili, na ukweli ni kwamba kwa watu wengi imejifunza sawasawa. Mihambo alikuwa amemwita mama hivyo kila wiki kwa miaka tisa, na mama alikuwa anangoja Ijumaa ifike.

"Au hana mdomo leo?" mama akauliza kutoka chumbani. "Amekula michembe, vile viazi vyao vikavu, imemkwama?"

Nikamwonyesha Mihambo vidole vitatu. Ni mbinu yangu ya kwanza kwa kila mwanafunzi: vuta pumzi tatu kabla ya kujibu chochote. Akavuta moja, mbili, tatu. Kisha akasema kwa sauti ya mtu anayesoma taarifa, "Shikamoo, Bi Chiku. Natumaini umeamka salama."

Kibao kikabaki kijani. Mama akaniita taratibu na kuniuliza nimempa nini mpagazi wake.

*

Siku zilizofuata Mihambo alikuja kila alasiri akitoka zamu. Tulikaa barazani, nikamfundisha ninachowafundisha wote.

Kila asubuhi punje inakunong'oneza maswali thelathini. Unapenda kuwa na watu au peke yako? Mwenzako akikosea unamwambia au unanyamaza? Swali moja linarudi mara tatu kwa sura tatu, siku tofauti, kuona kama utajigongana. Wengi wanaanguka hapo kwa sababu wanajifanya malaika, na mashine inamwona mtu asiye na kosa kuwa mwongo. Kwa hiyo chagua kosa lako moja dogo la kweli, ling'ang'anie mpaka mwisho. Mihambo alichagua kwamba anasahau kurudisha vitabu vya watu. Nilimpongeza, kwa sababu hata mimi alikuwa na kitabu changu.

Usijibu unachodhani bosi anataka, nilimwambia, maana moyo utakusaliti. Na usijibu kama unavyojisikia saa hiyo, maana saa hiyo umechoka na umegombana na mtu. Jibu kama wewe yuleyule, lakini siku uliyolala vizuri ukaamka huna neno na mtu. Hiyo ndiyo siri yangu yote, na watu hutoka Kibaha kuja kuifuata.

Aliifikiria kwa muda. Ana tabia ya kujikuna kidevu anapofikiri, na ilibidi nimwambie asikune sana karibu na sikio.

"Mwalimu," akasema, "mimi niliyelala vizuri ndiye ninayemtania mama yako. Sasa huyu unayemtaka ni nani?"

Nikaenda kumletea chai.

Jambo lingine lilinisumbua, na sikumwambia. Kibaoni mstari wa moyo wake ulikuwa mtulivu alipojibu maswali, mtulivu alipozungumzia wodi, hata alipozungumzia mkewe marehemu. Lakini kila alipomwamkia mama kwa adabu, moyo ulikwenda mbio kama wa mtu anayeiba. Uaminifu wake ulishuka kidogo kila mara. Huruma yake ilikuwa sabini na nne, kwa hiyo nikapiga moyo konde, nikamwambia aendelee.

Mama naye alianza kudhoofika wiki hiyohiyo. Moyo wake ulikuwa umechoka siku nyingi, miguu imevimba, daktari alikuwa ameshanishika bega na kuniambia nijiandae. Sitasema adabu ya Mihambo ndiyo iliyommaliza. Huo ungekuwa uongo, tena wa kujionea huruma. Ila najua kwamba alikuwa anamngoja, na kila siku alipewa mgeni mwingine.

Jumamosi nilikuwa namkanda miguu akaniuliza kama Mihambo amemkasirikia. Baina ya watani heshima ndiyo ugomvi, alisema, na yeye hakumbuki alichomkosea. Ikabidi nimweleze habari za punje, za sabini, za wodi. Alisikiliza vizuri, macho kwenye dari.

"Kwa hiyo nikifa wiki hii?" akauliza.

Nikamwambia hafi wiki hii.

"Nimekuuliza, Zamda."

"Akinyamaza mpaka Jumatano, atabaki kazini," nikasema. "Asiponyamaza, watamtoa."

Mama akaupeleka mguu mwingine mbele yangu niukande. Alisema Mihambo ni mtu wa ile wodi, na wodi ni yake, na hakuna asiyelijua hilo.

"Mimi na mpagazi tulishapanga cha kusema msibani kwangu," akasema. "Kuna kichekesho cha uji wako, na kuna kimoja cha dawa ya kijani nilichomtungia mwenyewe. Sipendi kutolewa kimyakimya mwanangu, kama mtu asiyekuwa na watu." Halafu akanipapasa kichwani na kuniambia nisimwambie Mihambo kwamba amesema hivyo.

Sikumwambia, na nikamtii mama kwa sababu kumtii kulinifaa.

*

Mama alifariki Jumatatu saa nne asubuhi, siku ya sita ya kipimo. Alikuwa amekunywa vijiko viwili vya uji, akasema apumzike kidogo kabla ya cha tatu. Nilikaa na kijiko mkononi muda gani sijui.

Ndugu walifika haraka, na ilikubaliwa azikwe siku hiyohiyo baada ya alasiri. Mihambo alikuja kabla ya adhuhuri, amevaa kanzu nyeupe. Sikumwacha hata aketi. Nilimvuta nyuma ya nyumba, penye jiko la kuni, na kibao changu nilikuwa nacho chini ya kanga. Alama ya kijani.

Nilimwambia leo atakaa na wanaume, ataitikia dua, na basi. Zilikuwa zimebaki siku mbili tu.

"Na wewe?" akauliza.

Nikamwambia mimi ni mzima.

"Na Bi Chiku?"

"Bi Chiku ameshakufa, baba. Wewe una kazi."

Niliyasema hayo kwa sauti yangu ya barazani, ileile ninayofundishia pumzi tatu. Alinitazama kama anavyowatazama wagonjwa wake nadhani, bila kukimbia, na macho yake yalikuwa mekundu. Kisha akasema, "Sawa, mwalimu," akaenda kukaa kwenye mkeka ukutani.

Nimehudhuria misiba mingi na sijawahi kuona iliyokuwa na adabu kama ile. Wanaume walisoma, wanawake tulikaa, kahawa ikapita. Shangazi Mwamvua, dada yake baba, aliinama akaniuliza watani wako wapi, mbona mtani wa marehemu yule pale amekaa kama mkwe. Nikamwambia anaumwa koo. Shangazi akaguna. Hapo nilikuwa sijalia hata tone. Kila aliyenikumbatia nilimshukuru kwa sentensi kamili, kana kwamba punje ilikuwa nyuma ya sikio langu.

Ikafika saa ya kutoka. Wanaume wakaingia, wakalinyanyua jeneza, wakalileta uani taratibu. Wanawake tulisimama mlangoni. Mihambo naye akasimama mahali pake ukutani, akageuka, akanitazama.

Alikuwa ananiomba ruhusa. Kila mtu pale angeweza kuliona hilo.

Nilitaka kumpa. Naapa sijawahi kutaka kitu kama nilivyotaka mtu yule afungue mdomo wake na kumtukana mama yangu. Lakini nikaiona wodi bila yeye, na yeye bila wodi, nikatikisa kichwa. Hapana.

Akainamisha macho. Nikamwona anavuta pumzi ya kwanza kama nilivyomfundisha, ya pili, ya tatu. Nikajisemea amefaulu.

Kisha akaenda kwenye kamba ya nguo, akaitwaa kanga ya mama iliyoanikwa jana yake, akajitanda kichwani. Akachukua mkongojo wa mama uliokuwa umeegemezwa mlangoni, karibu kabisa na bega langu. Akakunja mgongo. Na mbele ya shehe, mbele ya ukoo mzima wa Kondo, akaanza kutembea kama mama yangu, akikokota miguu iliyovimba na kusimama kila hatua tatu kumkagua mtu.

"Zamda!" akaita, na ilikuwa sauti yake hasa, mpaka shangazi akanishika mkono. "Uji huu umepika wewe au umetumwa na maadui zangu?"

Mtu mmoja akacheka, mwanamke, sijui nani. Kisha wengine.

"Na hii dawa ya kijani. Daktari anasema ninywe mara tatu kutwa. Nikamwambia, baba, hii nikinywa mara moja tu, kutwa yenyewe haitafika jioni."

Uwanja mzima ukacheka. Wazee walicheka wakishika mbavu na misahafu. Waliobeba jeneza walitikisika mpaka wakasogezeana mabega lisije likaanguka. Mihambo akaitupa kanga, akaja akajilaza chali ardhini, na kanzu yake nyeupe, mbele ya jeneza.

"Hapiti mtu hapa," akasema, sasa kwa sauti yake mwenyewe. "Mzaramo huyu maisha yake yote ni ngoma na mdomo. Miaka tisa ananiita mpagazi. Mpagazi njoo, mpagazi ondoka, mpagazi hesabiwa vijiko. Haya, Bi Chiku. Leo umenenepa na huwezi kwenda mwenyewe. Nani atakubeba? Wajukuu zako hawa wa kucheza mdundiko? Sema sasa. Nani atakubeba?"

Wote walikuwa wanacheka na kulia kwa pamoja. Mihambo akainuka, vumbi mgongoni, akamwondoa binamu yangu mmoja kwa kiwiko, akaweka bega lake chini ya jeneza upande wa mbele.

"Mnaona?" akasema. "Nilijua tu." Wakaondoka.

Hapo ndipo nilipolia. Nililia nikicheka, nimekaa chini kabisa kizingitini, shangazi akinipepea. Nilimlilia mama kama inavyopasa mtu alie, kwa sauti, kwa pua, kwa tumbo. Kibao kiliniponyoka kwenye kanga kikaanguka mbele yangu, kinawaka chekundu, na kwa mara ya kwanza tangu niipate leseni sikukiokota.

*

Matokeo yalikuja Jumatano mchana. Nidhamu sitini na tisa, Utulivu tisini, Huruma nane.

Nane. Mtu wa pumzi tatu na kosa moja dogo, nane.

Nilikata rufaa siku hiyohiyo. Kwenye ofisi ya Shirika la Vipimo alinipokea mwanamke mpole anayeitwa Rosalia, na nataka nimtendee haki kwa sababu aliniwekea kiti na akanisikiliza mpaka nikamaliza. Nilimweleza utani ni nini. Alijua, bibi yake alizikwa hivyohivyo huko kwao. Akanifungulia taarifa yenyewe, iliyosema kwamba mtahiniwa alimdhihaki marehemu mbele ya wafiwa kwa muda wa dakika sita, mapigo ya moyo yakiwa sitini na mawili. Mashine ilikuwa imeliwekea hilo la mapigo alama ya tahadhari. Mtu anayetukana kwa hasira moyo hupanda, na hiyo ina msamaha wake. Anayetukana wafu kwa moyo uliotulia haina pa kumweka.

Sitini na mawili ni moyo wa mtu aliyelala vizuri akaamka hana neno na mtu. Wiki nzima nilikuwa namwomba amlete mtu huyo, na kwa dakika sita alimleta.

Rosalia alicheza kipande kifupi cha sauti kilichohifadhiwa, kile cha dawa ya kijani. Akacheka kabla hajajizuia, akafuta macho. Kisha akaniambia, "Nimeelewa, mwalimu. Ila kitufe cha jambo hili sina." Aligeuza kioo chake nione mwenyewe, na kweli hakikuwepo.

Mihambo alirudisha sare Ijumaa. Nilikwenda kwake Jumamosi kumwomba radhi, na sikujua naomba radhi ya nini hasa: ya kumkataza, au ya kufurahi kwamba hakunisikia. Alikuwa anapalilia mihogo. Alisema hakuna haja. Ishirini na sita ni miaka mingi, alisema, na mgongo ulikuwa umeanza kumwambia. Lakini alikuwa anajikuna kidevu, na nilimjua kiasi cha kutosha kuona kwamba anatafuta la kuniambia.

"Nilikutikisia kichwa," nikamwambia.

"Nilikuona, mwanangu. Ulikuwa unanitunza mimi. Sasa mama yako angetunzwa na nani?"

Akarudi kwenye jembe lake, na nikamsaidia kung'oa majani mpaka jua lilipokuwa kali.

*

Wiki tatu baadaye sista wa wodi, Sista Anjela, alinipigia simu. Alikuwa amepata msindikizaji mpya, msichana mzuri, Huruma tisini na nne. Nikamuuliza jina akanitajia Sharifa Mgeni, na nikakaa chini, kwa sababu Sharifa ni wa mia moja tisini na nane katika orodha yangu. Nilimfundisha mwenyewe kwenye baraza ileile.

Sista alisema Sharifa anajitahidi. Anakaa, anashika mkono, anasema maneno mazuri yasiyo na kosa. Lakini kuna mgonjwa, Mzee Pazi, aliyekuwa dereva wa treni, Mzaramo wa Mzenga. Siku ya nne hiyo hali chakula wala hasemi. Sharifa akianza kumsemesha anageukia ukutani. Sista hakuomba kitu. Alitaka tu kumwambia mtu.

Nilitoa sheria ya vipimo kabatini. Naijua kwa moyo, ni kazi yangu, na miaka yote nilikuwa nimeisoma nikitafuta pa kuwapitishia watu waonekane wengine. Safari hii niliisoma kama mtu anayetafuta mlango. Ina kurasa arobaini na moja, na kila ukurasa unasema mwajiriwa, mwajiriwa, mwajiriwa. Mgeni anayekuja kumwona mgonjwa saa za kuona wagonjwa hatajwi popote. Mgeni hapimwi.

Sitadanganya kwamba nimeifunga kazi yangu. Bado nafundisha, kwa sababu watu bado wana watoto na waajiri bado wana sheria. Sasa nina swali moja ninalomuuliza kila mwanafunzi kabla sijambandika punje: nani akifa wiki hii hutaweza kunyamaza? Kama yupo, tunangoja.

Kesho yake saa sita mchana nilisimama na Mihambo kwenye lango la wodi. Alikuwa amevaa shati la nyumbani, na mikono hajui aiweke wapi bila ile sare. Lango linauliza uhusiano wako na mgonjwa, likakupa orodha ya kuchagua: mwenza, mzazi, mtoto, ndugu, jirani, kiongozi wa dini, mengineyo. Akagusa mengineyo. Likamtaka aeleze. Akaandika mtani, kwa kidole kimoja, polepole. Lango likafunguka tu, kama linavyomfungukia yeyote.

Sharifa alikuwa ameketi kando ya kitanda. Aliponiona alisimama kwa adabu, nikamwashiria abaki. Mzee Pazi alikuwa amewapa wote mgongo, mwembamba kabisa chini ya shuka.

Mihambo alisimama miguuni pa kitanda, akamtazama kwa muda. Hakuvuta pumzi yoyote ya hesabu.

"Mnyamwezi wako nimepita kuona kama umeshakufa, nichukue viatu," akasema.

Sharifa akaniangalia kwa hofu. Nilihesabu mpaka tisa, halafu bega la mzee likatikisika, naye akageuka kidogokidogo, kazi ya dakika nzima, mpaka jicho moja likamfikia Mihambo.

"Havikutoshi, mpagazi," akasema. "Mguu wako ni wa kubebea pembe za ndovu."

Mihambo akavuta kiti. Sharifa alikuwa ameziba mdomo wake kwa mikono miwili, na mashavu yalikuwa yamelowa. Mzee Pazi akautoa mkono wake nje ya shuka, akauweka hapo ukingoni mwa kitanda ungoje, na Mihambo akaushika.